Kisanduku Kilichokataa Kuinama: Shajara ya Uigaji wa Aloi ya Nikeli na Titani

4 Machi

Kabla ya kugusa kompyuta, leo tumeanza na waya. Ni kipande cha waya wa kunyooshea meno, kifupi kuliko kidole, ambacho shemeji yangu aliye daktari wa meno alinipa baada ya kubaki katika kazi yake. Nilikitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu, nikakikunja kwa vidole, kikakubali na kubaki kilivyokunjwa. Nilipokitia kwenye kikombe cha chai ya rangi iliyotoka kwenye chupa, kikarudia upinde wake wa kiwandani kabla sijahesabu mbili. Kilichotushangaza zaidi ni hali yake juu ya meza, ambako saa nane mchana chumba chetu kilikuwa na nyuzi 31 za sentigredi: hakikuwa laini wala kigumu, bali kilikunjika kwa ubishi na kurudi nusu njia. Waya wa aina hii hutengenezwa ili umalize kugeuka karibu na joto la kinywa, kwa hiyo mchana wa Dar es Salaam mwezi wa tatu huuacha katikati ya hali mbili, jambo ambalo mtu wa nchi ya baridi hawezi kuliona mezani kwake.

Hali hizo mbili ndizo kiini cha mradi wetu. Aloi ya nikeli na titani ikiwa na joto la kutosha hupanga atomu zake kwa mpangilio ambao wataalamu wa fuwele huuita B2: kila atomu ya nikeli hukaa katikati ya mchemraba ambao kona zake nane zimeshikwa na titani, na kila titani hukaa vivyo hivyo kati ya nikeli nane. Hiyo ndiyo austenaiti. Ikipoa, mpangilio huo huinama na kuwa martensaiti, ambayo seli yake, yaani kile kipande kidogo cha mpangilio kinachojirudia, haina tena ulinganifu wa mchemraba. William Buehler, aliyeichunguza aloi hii mwaka 1959 katika maabara ya silaha za jeshi la majini la Marekani huko Maryland, aliitambua tofauti hiyo kwa masikio: kipande kilichopoa kikigongwa kilitoa mlio mfu, na kile kilichokuwa bado na moto kililia kama kengele. Sisi hatuna tanuri la kuyeyushia titani, ambayo kwa moto mkali hunyakua oksijeni na kuharibika isipoyeyushwa katika ombwe au katika gesi tulivu. Tuna kompyuta moja. Swali tulilojiwekea ni kama tunaweza kuona, atomu kwa atomu, jinsi austenaiti inavyogeuka kuwa martensaiti, na jinsi nikeli ya ziada, hata ikiwa kidogo sana, inavyoisukuma halijoto ya mgeuko huo kwenda chini.

7 Machi

Kompyuta imekamilika. Prosesa ina viini 16, na feni mbili za ziada zimenunuliwa Kariakoo baada ya kuona kwamba kwa joto la chumba hiki prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ifikapo mchana. Tunatumia programu ya LAMMPS, iliyoanzia katika maabara ya Sandia nchini Marekani na isiyo na malipo, na kwa kutazama picha tunatumia toleo la bure la OVITO.

Programu ya namna hii haijui kemia hata kidogo. Inajua mahali kila atomu ilipo, kasi yake na kani inayoivuta. Huisogeza kwa muda wa femtosekunde 1 (sehemu moja ya trilioni 1,000 ya sekunde), hukokotoa kani upya, kisha huisogeza tena. Ukweli wote wa metali umo katika fomula inayoziambia atomu zivutane kwa kiasi gani zikiwa katika umbali gani, yaani potensheli, na mwenye potensheli mbovu hupata picha nzuri za metali isiyokuwepo duniani. Tumepima mbili. Ya kwanza ni ya familia ya Finnis na Sinclair, ambayo ni nyepesi na hukimbia haraka. Ya pili ilichapishwa mwaka 2015 na Won-Seok Ko, Blazej Grabowski na Jörg Neugebauer; hiyo huzingatia pia pembe kati ya majirani, ni nzito kukokotoa, lakini ilitengenezwa makusudi ili mgeuko wa B2 kwenda martensaiti utokee inavyostahili. Tumechagua ya pili, na gharama yake tutailipa kwa usiku mwingi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kawaida: tuliiacha fuwele ndogo itetemeke bila themostati wala barostati, yaani bila vidhibiti vya halijoto na kanieneo, kwa pikosekunde 50 (kila moja ni femtosekunde 1,000), na jumla ya nishati haikuteleza. Hatua ya femtosekunde 1 inatosha.

12 Machi

Sampuli ya kwanza ni mchemraba wa seli 20 kila upande, na kwa kuwa kila seli ya B2 ina atomu mbili, jumla ni atomu 16,000. Ukingo wa seli moja ni angstromu 3.015 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita, na nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), kwa hiyo kipande chetu chote kina upana wa takribani nanomita 6, na mipaka yake inajirudia, maana yake ni kwamba atomu inayotoka upande wa kulia huingia tena kushoto na kipande hakina uso popote.

Mpango ni kukipoza kutoka kelvini 400 hadi 100 (maji huganda kwenye kelvini 273) kwa kasi ya nusu kelvini kwa kila pikosekunde. Hiyo ni pikosekunde 600, yaani hatua 600,000, na kwa kuwa kompyuta yetu hutumia takribani sekunde 0.08 kwa hatua moja, kazi nzima huchukua zaidi ya saa 13. Mwenzangu, ambaye bado yuko mwaka wa tatu wa fizikia, aliuliza kwa nini tusiipoze polepole kama chai inavyopoa. Nilimpa kalamu apige hesabu mwenyewe: sekunde moja ya kweli ina femtosekunde trilioni 1,000, na kwa sekunde 0.08 kila hatua tungesubiri zaidi ya miaka milioni mbili. Kasi tuliyochagua, ambayo kwetu ni ya kobe, kwa metali halisi ni sawa na kupoza kwa kelvini bilioni 500 kwa sekunde. Namba hiyo niliibandika ukutani, maana najua itarudi kutudai.

14 Machi

Hakuna kilichotokea. Mchoro wa ujazo dhidi ya halijoto ni mstari unaoteremka taratibu bila kuvunjika mahali popote. Fuwele imesinyaa kama kitu chochote kinachopoa, na ikabaki B2 hadi kelvini 100. Tulirudia hadi kelvini 50, hali ni ileile. Katika marudio hayo umeme ulikatika saa tisa usiku, na kwa kuwa tulikuwa hatujaweka faili la kuendelezea, saa zote zilizotangulia zilipotea. Kuanzia leo hali ya atomu zote itahifadhiwa kila baada ya hatua 20,000, ambazo ni chini ya nusu saa ya kazi, na betri ya akiba itaipa kompyuta muda wa kuzima kwa utaratibu.

19 Machi

Wiki nzima ya kushuku vitu visivyo na hatia. Tulishuku kwamba faili la potensheli lilinakiliwa vibaya, tukalipakua upya na kulinganisha mstari kwa mstari, likawa lilelile. Tulishuku themostati, tukaibadilisha. Mwenzangu alishuku kwamba tumegeuza majina, nikeli ikaitwa titani na titani nikeli, akahangaika na hilo siku nzima kabla hatujaketi pamoja na kugundua kwamba, hata kama lingekuwa kweli, lisingeweza kuwa chanzo: katika B2 yenye nikeli na titani sawa kwa sawa, ukibadilishana majina yote pamoja na uzito wake unapata fuwele ileile, iliyosogezwa tu nusu ya mlalo wa mchemraba. Siku haikupotea bure, kwa sababu sasa anaujua ulinganifu wa B2 kuliko nilivyoujua mimi nilipokuwa mwaka wake.

21 Machi

Msimamizi wetu alipita jioni akitokea darasani. Tulimwonyesha mstari ulionyooka, akautazama kwa muda mfupi kisha akauliza, "Hebu niambieni, wanangu, hicho kisanduku chenu kinaruhusiwa kuinama?"

"Hapana, Dokta," nilijibu, na nikiwa bado ninajibu nikaona kosa lilipo.

Niliandika barostati kwa mtindo nilioujua tangu nilipokuwa nikiiga vimiminika: kanieneo likidai, kisanduku kitanuke au kisinyae, lakini pande zake tatu zibadilike kwa uwiano mmoja na pembe zake zibaki nyuzi 90. Kwa maji mtindo huo hauna ubaya wowote. Kwa aloi hii ni kama kumfunga mtu mikono kisha kumlaumu kwamba haogelei. Tuliketi watatu na kupiga hesabu kwa vipimo vya maabara vinavyojulikana. Ukikata austenaiti kwa mwelekeo unaofaa, unapata seli ya mstatili yenye kingo za angstromu 3.015, 4.264 na 4.264, na pembe zote ni mraba. Seli ya martensaiti inayotokana nayo, ile iitwayo B19 yenye alama ya mkato juu, ina kingo za takribani 2.898, 4.108 na 4.646, na pembe moja imefunguka hadi karibu nyuzi 97.8. Ukingo wa kwanza umepungua kwa asilimia 3.9, wa pili kwa asilimia 3.7, wa tatu umerefuka kwa asilimia 9, na seli nzima imelala ubavu kwa karibu nyuzi 8.

Kisha Dokta akatuagiza tukokotoe ujazo. Seli ya austenaiti ina angstromu za ujazo 54.82, na ya martensaiti, pamoja na kuinama kwake kote, ina 54.80. Tulirudia mara mbili kwa kudhani tumekosea. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa na makosa mawili yaliyofichana: kisanduku hakikuwa na njia ya kubadilika umbo bila kubadilika ujazo, ilhali mgeuko huu wote ni wa umbo, na hata kama mgeuko ungetokea, tulikuwa tukiutafuta kwenye mchoro wa ujazo, yaani mahali ambapo hujificha vizuri kuliko pengine popote. Nadhani mtu aliyezoea barafu kuelea juu ya maji, au chuma kubadilika ujazo kikigeuka ndani ya tanuri, huingia katika kazi hii akiwa na imani kwamba mgeuko wa awamu lazima uonekane kwenye ujazo. Mimi niliingia nayo, na sikujua kuwa ninayo.

24 Machi

Sampuli imejengwa upya. Sasa mihimili ya kisanduku inafuata seli ya mstatili niliyoieleza, yenye atomu nne kila moja, 20 kwa 14 kwa 14, jumla atomu 15,680, na kila upande una takribani nanomita 6 kama awali. Kingo tatu na pembe tatu zote ziko huru, na mkazo katika kila mwelekeo unashikiliwa kwenye sifuri. Ilibidi pia tuizuie programu isikipindue kisanduku kinapoinama sana, kwa sababu kila inapokipindua huchagua upya mihimili yake, na mchoro wa pembe hukatika vipande visivyosomeka.

Usiku wa jana iligeuka. Kwa mamia ya pikosekunde kingo zilicheza juu na chini zisiende popote, kisha, tukiwa tayari chini kidogo ya kelvini 300, ukingo mmoja ulipaa, miwili ikaporomoka, pembe ikafunguka, na mambo yote yakamalizika katika pikosekunde chache. Muda huo mfupi usimshangaze msomaji: sauti ndani ya metali husafiri kilomita kadhaa kwa sekunde, na kipande cha nanomita 6 hukivuka kwa pikosekunde 2 hivi. Mchoro wa ujazo, tulioubakiza kwa makusudi, ulionyesha mtikisiko mdogo ambao wiki mbili zilizopita ningeuita kelele.

Tulizitazama fremu 40 za kipindi hicho, moja baada ya nyingine. Kwanza matabaka ya atomu yaliteleza kwa zamu, moja kulia na linalofuata kushoto, kwa sehemu tu ya umbali wa kutoka atomu hadi atomu. Kisha seli ikaegemea upande. Nilikumbuka safu za swala zinapofunga pengo: kila mtu husogea nusu hatua, hakuna anayemruka mwenzake, na aliyekuwa kulia kwako anabaki kulia kwako. Tuliipa kila atomu namba tangu mwanzo na kukagua majirani zake kabla na baada ya mgeuko. Hakuna iliyopoteza jirani. Hiyo ndiyo sababu waya wa shemeji unaweza kurudi: chai ya moto haihitaji kuzitafuta atomu zilizotawanyika, kwa sababu hakuna iliyotawanyika.

2 Aprili

Mvua za masika zimeanza, chumba kina unyevu lakini kimepoa, na prosesa inafanya kazi kwa kasi yake kamili mchana kutwa.

Dokta ametutaka tusishangilie bado. Mwaka 2003 Huang, Ackland na Rabe walionyesha, kwa ukokotozi wa kikwanta unaozingatia msongamano wa elektroni, kwamba kwenye sifuri kamili martensaiti tunayoijua si mpangilio wenye nishati ya chini kuliko yote. Ukiiachia huru bila mkazo, pembe yake huendelea kufunguka hadi karibu nyuzi 107 na kuwa mpangilio mwingine, ambao ulinganifu wake ni mkubwa kiasi kwamba hauwezi kukumbuka umbo ulikotoka. Pendekezo lao ni kwamba martensaiti halisi hushikiliwa mahali pake na mikazo iliyomo ndani ya metali yenyewe. Kwa hiyo kisanduku huru kama chetu, kisicho na mkazo wowote, ndicho kinachoweza kuteleza hadi upande usiotakiwa. Tumekagua pembe katika fremu zote za baada ya mgeuko na kuona kwamba inabaki karibu na 98 kuliko 107. Ni sifa ya potensheli tuliyochagua, na nimeandika hivyo waziwazi katika rasimu ya ripoti, ili asije mtu akadhani tumetatua mjadala huo kwa kompyuta moja.

9 Aprili

Namba ya ukutani imekuja kudai. Baada ya kupasha fuwele kutoka kelvini 100 kurudi juu, martensaiti haikugeuka kuwa austenaiti pale austenaiti ilipogeuka ilipokuwa ikipoa. Ilingoja hadi juu sana. Pengo kati ya njia ya kwenda na njia ya kurudi, yaani histeresisi, lipo pia katika waya halisi, lakini letu ni pana kupita kiasi. Sababu ni mbili na zinashirikiana. Ya kwanza ni haraka yetu. Ya pili ni usafi: metali halisi ina mipaka ya chembe, nyufa ndogo, nyuso na mikwaruzo, na mgeuko huchipukia hapo kama mbegu inavyochipukia kwenye ufa wa saruji, ilhali kipande chetu hakina kasoro hata moja, hivyo lazima kipozwe mbali kupita kiwango chake ndipo mtetemo wa bahati uanzishe mbegu ya kwanza.

Tumepunguza kasi hadi kelvini 0.1 kwa pikosekunde, na kila njia sasa huchukua karibu siku tatu. Pengo limepungua, ingawa halijafikia hata karibu na la maabara. Aidha, tulirudia upozaji uleule mara tano, tukibadilisha tu namba inayoanzisha bahati nasibu ya kasi za mwanzo, na halijoto za mgeuko zikatofautiana. Hakuna jibu moja. Nakiri kwamba mwezi uliopita ningeendesha mara moja tu, nikachukua namba iliyotoka, na kuiandika kwa tarakimu tatu za desimali.

17 Aprili

Sampuli kubwa imemaliza: atomu 125,440, siku nne na nusu, umeme ukikatika mara mbili na faili la kuendelezea likifanya kazi yake mara zote mbili. Tumerudi kwenye kasi ya nusu kelvini, maana kwa 0.1 tungemaliza mwezi wa tano.

Kile kipande kidogo kiligeuka chote kuelekea upande mmoja. Hiki kikubwa hakikufanya hivyo. Austenaiti ina mielekeo 12 ambayo inaweza kuiinamia ikigeuka, na hakuna inayopendelewa. Mbegu mbili zilizochipuka mbali mbali zilichagua mielekeo tofauti, na zilipokutana hazikupigana bali zilijipanga kwa zamu katika matabaka pacha, moja limeinamia huku na jingine kule, mithili ya ukili wa mkeka. Kwa kuwa mwinamo wa tabaka moja hufuta mwinamo wa jirani yake, umbo la nje la kisanduku lilibadilika kidogo mno. Hapa pana jibu la swali ambalo mwenzangu aliniuliza siku ya waya: waya ulipotiwa kwenye barafu uligeuka kuwa martensaiti, mbona haukubadilika umbo mpaka nilipoukunja? Kupoa peke yake hutengeneza pacha, na pacha hazionekani kwa nje. Vidole vyangu ndivyo vilivyozilazimisha zilalie upande mmoja. Tulijaribu hilo papo hapo kwa kukivuta kisanduku taratibu, na mipaka ya pacha ikaanza kutembea, matabaka yaliyoelekea kwenye mvuto yakinenepa na mengine yakikonda.

29 Aprili

Nikeli ya ziada. Kuifikisha kwenye asilimia 50.5 ya atomu zote tulichukua atomu 78 za titani kati ya 7,840 za sampuli ndogo na kuweka nikeli mahali pake. Katika vipimo vya maabara, ukishapita asilimia 50, kila sehemu ya kumi ya asilimia inayoongezwa huiteremsha halijoto ya mgeuko kwa takribani nyuzi 10; katika sampuli yetu sehemu hiyo ya kumi ni atomu 16 tu. Ndiyo sababu viwanda vya waya huhangaika sana na mizani, na ndiyo sababu waya wa meno na waya wa kutanulia mishipa ya damu haviwezi kutoka katika yeyusho moja bila kufanyiwa kazi nyingine ya joto.

Tulitengeneza mipangilio mitano, kila mmoja ukiwa na nikeli 78 zilizotupwa mahali tofauti. Mitatu iligeuka, yote kwa halijoto ya chini kuliko fuwele isiyo na ziada. Miwili haikugeuka hadi kelvini 100. Picha zilionyesha jambo ambalo grafu zisingelionyesha: matabaka yanayoanza kuteleza husita yakifika kwenye nikeli iliyokaa mahali pa titani, na penye nikeli kama hizo mbili au tatu karibu karibu, kipande kidogo hubaki kimesimama wima huku jirani zake wameshainama. Mwaka 2005 Sarkar, Ren na Otsuka walionyesha kwamba nikeli ikifika asilimia 51.5 mgeuko wa kawaida hutoweka kabisa, na inabaki hali inayofanana na kioo, ambamo vipande vidogo vya mwinamo huganda bila mpangilio mmoja. Siwezi kusema kwamba tumeiona hali hiyo katika nanomita 6, lakini ile mipangilio miwili iliyokataa haikuwa ya B2 safi pia. Ilikuwa na madoa.

Tumebishana na Dokta kuhusu namna ya kuandika matokeo. Mimi nilitaka kuweka jedwali la halijoto za mgeuko, kwa kuwa ndilo ambalo msomaji atalitafuta. Yeye amekataa, na nimekubali kwamba ana haki: halijoto zetu zimechanganyika na kasi yetu, udogo wa sampuli na usafi wake, na makosa hayo hayatenganishwi kwa kuandika alama ya kujumlisha na kutoa pembeni. Kinachoweza kusimama ni tofauti kati ya sampuli mbili zilizoendeshwa kwa namna ileile, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa ni ya wote. Jedwali litakuwa na tofauti peke yake.

6 Mei

Njia ya kuikwepa histeresisi ni kutoisubiri mbegu. Tumejenga sampuli ndefu ambayo nusu yake ni austenaiti na nusu ni martensaiti, mpaka ukiwa katikati tangu mwanzo, nasi tutaishikilia kwenye halijoto moja na kutazama ni nani anayemmeza mwenzake. Martensaiti ikisonga mbele, tuko chini ya halijoto ya msawazo, yaani ile ambayo hakuna anayemshinda mwenzake. Ikirudi nyuma, tuko juu yake. Tukibana kutoka pande mbili tutaipata bila kutegemea bahati ya kuchipuka.

Ugumu uko kwenye kiungo. Kingo za nusu hizi mbili hazilingani, na tukizilazimisha zishiriki kisanduku kimoja kila nusu huvutwa kumfuata mwenzake. Mkazo huo si jambo dogo, kwa kuwa katika aloi hii megapaskali 6 au 7 huisogeza halijoto ya mgeuko kwa nyuzi 1, na megapaskali 100 zilizojificha kwenye kiungo zingetudanganya kwa nyuzi 15 hivi. Tumechagua uso wa kuunganishia ambao tofauti ya kingo ni ndogo kuliko nyuso nyingine tulizojaribu, tukaongeza urefu wa sampuli ili kiungo kiwe sehemu ndogo ya jumla, na tutapima mkazo wa kila nusu peke yake badala ya kuuamini wastani.

Kazi imeanza saa kumi jioni kwenye kelvini 300, 320 na 340, moja baada ya nyingine. Ilipofika saa nne usiku, nikiwa ninafunga chumba, mpaka wa sampuli ya kelvini 300 ulikuwa umesogea matabaka matatu kuelekea upande wa austenaiti, na mkazo katika nusu ya martensaiti ulikuwa bado mkubwa kuliko tunavyotaka.